Koili Yenye Kibonyeo

Pale Mandewa, pembezoni mwa mji wa Singida, Mzee Obadia anajulikana kwa gari lake kabla ya kujulikana kwa jina. Si kwa uzuri wa gari lenyewe. Ni pikapu kuukuu, weupe wake umeshakuwa rangi ya vumbi, na mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba ya katani. Inajulikana kwa sababu haizimwi. Akisimama kanisani, akimshusha mtu sokoni, akipita kwa jirani kujulia hali ya mgonjwa, injini inabaki ikiunguruma mpaka abiria wa mwisho awe ameshuka na kuingia ndani alikokuwa akienda. Akiwa peke yake huizima, lakini hushuka haraka na kuondoka bila kugeuka nyuma, utadhani anafukuzwa.

Jirani yake Anastazia, mama mwenye ulimi mwepesi, haachi kumtania. "Obadia, hata ng'ombe hulala. Hilo lako litalala lini?"

Obadia hucheka kidogo na kusema kila mtu na gari lake. Sababu hajamwambia mtu. Anauogopa ule ukimya unaokuja injini ikikata, kwa sababu ndani ya ukimya huo kuna mtu anaongea, na mtu huyo ni mkewe Rahel, aliyekufa miaka mingi iliyopita.

Enzi hizo waliishi Kinyangiri, kule Mkalama, wakilima alizeti na mtama na kufuga ng'ombe wachache. Pikapu hii hii ndiyo iliyobeba magunia yao kwenda mnadani, na kwa kuwa magari kijijini yalikuwa ya kutafutwa kwa tochi, ilibeba na wagonjwa pia. Mwaka ule, wakati wa mavuno, ilianza kukohoa. Ikienda mwendo mrefu na jua likiwa kali, ilishtuka mara mbili tatu, kisha ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Rahel, aliyekuwa na masikio makali kuliko mumewe, akamwambia aipeleke kwa fundi. Obadia akajibu jibu ambalo kila mwenye gari kuukuu katika nchi hii amewahi kulitoa: "Itafika tu." Ndiyo desturi yetu, tusidanganyane. Gari likiwaka tunasema halina ugonjwa, tunangoja life ndipo tutafute dawa.

Kabla mavuno hayajaisha, Rahel akashikwa na tumbo. Alijikunja tangu jioni mpaka kulipokucha, na asubuhi wakamweka kwenye kiti cha mbele, katikati, kichwa chake kikiegemea bega la binti yao Martina, msichana wa sekondari wakati huo. Wakaanza safari ya kwenda hospitali mjini. Walipofika kwenye korongo lenye mawe mawili makubwa yaliyobebana, kabla ya kuikuta lami ya Iguguno, gari likashtuka, likashtuka tena, likakata.

"Mbona limenyamaza?" Rahel aliuliza.

Aliuliza kwa Kinyiramba, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza mbona chakula hakijaiva. Obadia alimsikia vizuri. Hakumjibu. Alikuwa ameshafungua mlango, ameshafungua boneti. Aligusa waya, akagusa plagi, akaigusa koili, ile chupa ya chuma inayopeleka moto kwenye plagi, nayo ikamuunguza kiganja. Kwa hasira akaipiga spana, ikabonyea ubavuni. Akageuza ufunguo, kimya. Akageuza tena, kimya. Hakuna gari lililopita barabara ile asubuhi nzima, na Rahel alikata roho begani kwa mwanawe kabla jua halijafika utosini.

Kilichofuata ndicho kilichomharibu Obadia. Alirudi kwenye usukani kwa kukosa pengine pa kuketi, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukageuza ufunguo. Gari likawaka. Liliwaka mara moja, safi, bila kukohoa, likamrudisha Kinyangiri na maiti ya mkewe bila kusita hata kidogo.

Msibani watu walimpa mkono wakisema ajali haina kinga. Alitikisa kichwa kama inavyopasa, lakini moyoni alijua hii ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilimkoholea masikioni kwa siku kadhaa akaipuuza. Tangu siku hiyo ukiutaja msemo huo mbele yake ataondoka. Ataaga kwa adabu, lakini ataondoka.

Baada ya arobaini alihamia Mandewa ili awe karibu na hospitali, mtu ambaye hakuwa tena na mgonjwa wa kupeleka. Akalipeleka gari kwa Calist, kijana aliyekuwa amefungua gereji chini ya bati mbili, jirani na kituo cha mafuta. Calist alimweleza ugonjwa wa gari. Koili ikizeeka, alisema, inakuwa nzima ikiwa baridi na inakufa ikichemka. Ikipoa inafufuka. Ndiyo maana inadanganya watu.

"Ivunje," Obadia alisema koili ilipong'olewa. "Sitaki kuiona tena duniani."

"Sawa, mzee."

Kuanzia hapo, kila mwaka alizeti ikishavunwa, Obadia alipeleka pikapu kwa Calist na kubadilisha kila kitu kinachohusika na moto: plagi, waya za plagi, kifuniko cha distributa inayogawa moto, rota yake, na koili. Haikujalisha kwamba vilikuwa vizima. Hasa vikiwa vizima, ndipo alipotaka vitolewe. Mafundi wengine walimcheka kwamba anamzika mtu anayepumua. Naye kila mara, spea za zamani zikiwa zimewekwa chini kwenye gunia, alisema lilelile: "Zivunje, Calist." Na Calist akajibu lilelile: "Sawa, mzee."

Sawa ya Calist ilikuwa ya heshima, haikuwa ya kukubali. Mtu aliyelelewa Singida, mahali ambapo pumba ina kazi na ndoo iliyotoboka ina kazi, umwambie achukue nyundo apige kitu kizima? Hiyo angeiona ni kumtukana Mungu. Kwa hiyo mzee akishaondoka, Calist alizifuta spea kwa kitambaa na kuziweka kwenye debe chini ya meza. Alipokuja mwenye gari bovu asiye na namna, alimtolea moja. Taratibu debe likapata sifa. Wenye pikapu kuukuu kutoka Ilongero, Iguguno mpaka Mkalama waliuliza kama kuna spea za Obadia, kwa kuwa walijua zimetolewa zikiwa na nguvu zake. Obadia peke yake ndiye hakujua kwamba moyo wa gari lake unatembea katika magari ya watu.

Mwaka huu hakungoja mavuno yaishe. Martina, ambaye ameolewa na Shukuru kulekule Kinyangiri, alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na kliniki walimwonya asijaribu kujifungulia kijijini. Mpango ulikuwa Obadia amfuate Jumamosi, aje kukaa Mandewa kusubiri siku zake. Mimba ile ilimnyima mzee raha. Alikuwa amezika mke kwa sababu ya gari. Hakuwa tayari kuzika na binti. Basi Alhamisi asubuhi, na ule upepo wa Juni unaokata masikio, akalipeleka gari kwa Calist na kumwambia asiache kitu.

Calist alikuwa ameshang'oa plagi na waya zote, ameifungua na koili, simu ya Obadia ilipoita.

"Shikamoo, baba," ilikuwa sauti ya Shukuru.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Baba, Martina uchungu umemshika. Umekuja mapema. Tumepata gari la Chrispin, ndiyo tunaingia. Usihangaike, baba, wewe tupokee tu hospitali."

Obadia aliushukuru mdomo wake kwa kusema, "Haya, haya, mwanangu," bila kukwama. Alimfahamu Chrispin, kijana mtulivu, hanywi, na pikapu yake ni ndugu wa hii, zimetoka nchi moja. Alijisemea kwamba hakuna neno. Akamwambia Calist aharakishe ili awahi hospitali.

Calist alitaka kumtuliza, na hapo ndipo alipojisahau. "Kama ni gari la Chrispin ondoa wasiwasi, mzee. Lile lina moyo wa gari lako. Baada ya mfungo, nilipopita kwao Kinyangiri, nilimfungia koili yako."

"Koili yangu ipi?"

Kwa kuwa hapakuwa na pa kujificha, fundi akalivuta debe kutoka chini ya meza. Obadia aliinama akaangalia. Zilikuwamo plagi zake, rota zake, vifuniko vyake vya miaka na miaka, vimefutwa vizuri, vimepangwa. Aliviona akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyeonyeshwa nguo za marehemu alizodhani zimeshagawiwa.

"Nilikwambia uvivunje."

"Kitu kizima hakivunjwi, mzee. Nisamehe. Watu wamesaidika."

"Hiyo ya Chrispin. Ilikuwa na alama?"

Calist akafikiri. "Imebonyea kidogo ubavuni. Ilikuwa chini kabisa ya debe. Lakini niliijaribu kwanza, ikatoa cheche ya bluu, kali."

"Uliijaribu ikiwa baridi," Obadia alisema.

Hakupaza sauti. Calist alimtazama, na ikaonekana usoni mwake ile kumbukumbu ikipanda polepole, yale maneno aliyoyasema mwenyewe akiwa kijana chini ya bati hizo hizo. Katika debe lile kila kitu kilitolewa kikiwa kizima isipokuwa kimoja, na kwa sifa za vile vizima hakuna aliyekumbuka kuuliza. Spana ilimtoka mkononi.

Obadia alimpigia Shukuru. Haipatikani. Akampigia Chrispin. Haipatikani. Kule kati ya Kinyangiri na Iguguno simu hushika pale inapopenda.

"Funga," alimwambia Calist. "Funga sasa hivi."

Calist alifunga kama anayezima moto. Plagi mpya, waya mpya, kifuniko, rota, koili. Mikono yake haikukosea, maana kazi ile aliijua kuliko sala zake. Ile koili ya mwaka jana, nzima, iliyotolewa asubuhi hiyo, Obadia mwenyewe aliiokota kwenye gunia akaitupia kwenye kiti. Calist akaingia upande wa pili bila kuitwa, akaufunga mlango kwa kamba.

Njiani hawakusemezana. Lami ilikuwa tupu, na pande zote mbili alizeti zilizokauka zimeinamisha vichwa. Obadia aliendesha akisikiliza injini, na injini ilikuwa nzuri, hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake. Alijiambia huenda koili itavumilia. Chrispin tangu afungiwe alikuwa akizunguka kwenye gulio na mashine ya kusaga tu, safari fupi fupi, haikupata kuchemka. Leo ndiyo mara ya kwanza inavuta mzigo kutoka Kinyangiri, barabara ileile, vilima vilevile. Ikiondoka baridi kutoka palepale, na kupanda palepale, itachemkia wapi? Hakutaka kujibu, na jibu alilijua. Vitu visivyo na akili vina kumbukumbu yake. Alipoiacha lami pale Iguguno na kuingia kwenye vumbi, hakuangalia kando wala kumuuliza mtu kama ameona pikapu. Alikwenda moja kwa moja kwenye korongo.

Yale mawe mawili yalikuwa bado yamebebana. Chini yake ilisimama pikapu ya Chrispin, boneti juu.

Kwa muda mfupi Obadia hakuona gari la Chrispin, aliona lake, na mtu aliyeinama kwenye injini alikuwa yeye mwenyewe akiwa na nywele nyeusi. Ilibidi Calist amguse mkono. "Mzee. Twende."

Obadia aligeuza gari likaelekea mjini, akaliacha linaunguruma, akashuka. Martina alikuwa kwenye kiti cha mbele, katikati, kichwa chake begani kwa Shukuru. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alikuwa ameyatazama yale mawe muda wote huo, na hakuwa amemwambia mumewe anayajua.

"Baba," alisema. "Limenyamaza."

Obadia alitaka kukimbia. Tuseme kweli, miguu ilishaanza. Lakini akapandisha mguu kwenye ngazi ya gari, akamshika binti yake chini ya kwapa.

"Sikiliza," alisema. "Langu linaunguruma. Njoo."

Wakambeba yeye na Shukuru, wakamhamisha. Calist alichukua ile koili kwenye kiti, akabaki na Chrispin, ambaye alikuwa akirudia kwamba gari lilikuwa zima, lilikuwa zima kabisa, haelewi. Hakuna aliyemlaumu.

Safari ile Obadia haikumbuki vizuri. Anakumbuka mkono wa Martina umeshika shati lake kiunoni. Anakumbuka akiongea njia nzima, yeye ambaye huwa mgumu wa maneno, akimwambia hapa ni Iguguno, hapa kuna mbuzi, sasa tunapanda, sasa tunashuka, ziwa lile pale unaliona, akijibu kila swali kabla halijaulizwa. Walimpokea mlangoni kwa kitanda cha magurudumu, Shukuru akafuata nyuma na kanga mkononi, na mlango ukafungwa.

Obadia alirudi kwenye gari akaketi. Injini ilikuwa inaunguruma. Mlinzi alimwambia asogeze, akasogeza mpaka chini ya mti wa mwarobaini, asizime. Mlinzi akamwambia mzee zima gari, unasumbua wagonjwa. Akasema ndiyo, na hakuzima.

Kivuli kilikuwa kimeshahama upande wa pili pikapu ya Chrispin ilipoingia. Calist alishuka akaja dirishani. Hakuwa na uso wa kumtazama mzee.

"Iliwaka," alisema chini chini. "Kabla sijaigusa. Chrispin aligeuza ufunguo kujaribu tu, ikawaka kama hakuna kitu. Nimemfungia ile yako ya mwaka jana, tumekuja nayo salama." Akanyoosha mkono. "Na hii hapa. Nimekuletea uivunje mwenyewe."

Obadia akaipokea. Kibonyeo kilikuwa palepale, saizi ya uso wa spana. Alidhani ataiona kama nyoka, lakini ilikuwa chuma tu, na ilikuwa na uvuguvugu. Aliiweka mapajani. Hakumwambia Calist kwamba amesamehewa wala kwamba hajasamehewa, alimwambia akanywe chai, na Calist akaenda kusimama kando ya ukuta bila kunywa chochote.

Shukuru alitoka akitembea kama mlevi. Alisimama mbele ya gari.

"Baba, mtoto wamemtoa. Wa kike. Martina amefumbua macho, anakuulizia." Kisha akaongeza, kwa kuwa kelele ilikuwa inamsumbua, "Zima basi gari, baba. Twende ndani."

Akatangulia. Obadia alibaki na mkono kwenye ufunguo. Tangu siku ile ya korongo hakuwahi kulizima gari na kubaki ameketi. Akauzungusha. Injini ikatetemeka, ikakata, na ukimya ukaingia kwenye gari ukakaa katikati ya kiti, mahali pake.

"Mbona limenyamaza?" Rahel aliuliza.

Obadia hakukimbia. Koili ilikuwa bado mapajani mwake, imeshapoa.

"Tumefika, Mama Martina," akamjibu kwa Kinyiramba. "Tumefika."